Taa ya DPF Ikiwaka: Tafuta Masizi Yanakotoka Kabla ya Kukubali Chujio Likatwe

Magari ya dizeli yanayoshushwa siku hizi bandarini Dar es Salaam na Mombasa, yaani Mazda CX-5, Prado na Hilux za injini ya 2.8, Discovery, Touareg na wenzao, mengi yana chombo ambacho dizeli za zamani hazikuwa nacho. Kimefungwa kwenye ekzosi, karibu na injini, ndani ya kopo la chuma. Ni chujio la masizi, na mafundi wanaliita DPF. Likianza kusumbua, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu kwenye vilima, na mwenye gari akifika gereji jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni hili: "Bosi, hii kitu tuikate tu."

Makala haya ni kwa ajili ya huyo mwenye gari, kabla hajasema ndiyo. Chujio likiziba kabla ya wakati wake, kwa kawaida kuna kitu kingine kilichoharibika mbele yake, au gari linatumika kwa namna isiyolipa nafasi ya kujisafisha. Ukilikata bila kujua sababu, sababu inabaki palepale na inaendelea kula injini. Ukinunua jipya bila kujua sababu, umetoa mamilioni ya shilingi na jipya nalo litaziba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, na kupima kuna utaratibu wake.

Kwanza tuelewe linavyofanya kazi. Ndani ya lile kopo kuna kauri yenye matundu membamba marefu, mamia kwa mamia, yamepangana kama sega la nyuki. Tundu moja limezibwa upande wa nyuma, jirani yake limezibwa upande wa mbele. Moshi ukiingia hauna njia ila kupenya kwenye ukuta wa kauri wenye vinyweleo. Gesi inapita, masizi yanabaki. Peugeot ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuliweka kwenye gari dogo linalouzwa kwa umma, katika Peugeot 607 ya mwaka 2000. Ulaya ilipoanza kutumia kiwango cha Euro 5 mwaka 2009, dizeli mpya za huko zikawa haziwezi kukidhi masharti bila chujio, na Japani nayo ikakaza sheria zake mwaka huohuo. Hayo ndiyo magari tunayoyapokea sasa yakiwa yametumika.

Masizi ni kaboni, na kaboni huungua. Gari likienda mwendo wa safari, ekzosi ikipata joto la nyuzi 250 hadi 400 hivi za Selsiasi, masizi hupungua polepole yenyewe kwa msaada wa madini yaliyopakwa ndani ya chujio. Yakizidi kiwango, kompyuta ya injini huamua kuyachoma: hunyunyiza dizeli ya ziada baada ya mlipuko wa kawaida, dizeli hiyo ikaungua huko kwenye ekzosi, na joto hupanda hadi nyuzi 600 hivi. Shughuli hiyo huchukua kama dakika 10 hadi 20. Magari mengi hayaonyeshi taa yoyote wakati huo, ndiyo maana madereva wengi hawajui kwamba gari lao hufanya hivyo kila baada ya kilomita mia kadhaa. Lakini dalili zipo. Gari likisimama, injini hunguruma juu kidogo kuliko kawaida. Feni huzunguka kwa nguvu, pengine hata baada ya kuzima. Kunasikika harufu ya chuma kilichopata moto, na ulaji wa mafuta unaosomeka kwenye dashibodi hupanda ghafla. Ukiziona dalili hizo, usizime gari; zunguka nalo kidogo mpaka zitulie.

Hapo ndipo foleni zetu zinapoingia. Mtu anakaa Tegeta, anafanya kazi Posta. Asubuhi anatumia saa moja na nusu barabarani, lakini katika muda huo gari limetambaa kilomita chache kwa wakati, ekzosi haijapata joto la kutosha, au uchomaji umeanza na yeye amefika na kuzima. Kesho hivyohivyo. Uchomaji ukikatishwa mara kwa mara, masizi hujaa kuliko chujio linavyoweza kubeba. Lakini chujio kushindwa kujisafisha si jambo la foleni za Dar na Nairobi peke yake. Mwezi Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua dhidi ya Toyota katika kesi ya Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, kwa sababu mfumo wa chujio haukumudu mwendo wa kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa unaoendelea kwa muda. Ulishindwa hata huko kwenye barabara ndefu na nyoofu.

Basi swali la kwanza la uchunguzi halihitaji mashine: gari hili linakwenda wapi, na kwa mwendo gani? Fundi asiyeuliza hilo ameruka hatua. Kama jibu ni mjini tu, na taa imewaka juzi bila gari kupoteza nguvu, huenda dawa ni safari. Jaza mafuta zaidi ya robo tangi, maana magari mengi hukataa kuchoma mafuta yakiwa karibu kuisha. Acha injini ipate moto vizuri. Kisha tafuta kipande cha barabara kisicho na msongamano, ambapo kasi inaruhusiwa, uende kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwa dakika 20 au zaidi, gia ikiwa chini kidogo ili injini ibaki juu ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Taa ikizima, hongera. Ikianza kumetameta, au ikiungana na taa ya injini, au gari likigoma kuvuka mizunguko 3,000 hata ukikanyaga mafuta hadi chini, usilazimishe safari nyingine. Nenda likapimwe.

Kabla ya kwenda, chomoa kijiti cha oili. Gari liwe limesimama mahali tambarare, injini imepoa. Watu wengi hukitazama kwa hofu ya oili kupungua. Kwenye dizeli yenye chujio, ogopa pia oili iliyopanda. Ile dizeli ya ziada inayonyunyizwa wakati wa kuchoma, uchomaji ukishindikana kila siku, sehemu yake huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Mazda wameliona hilo, na kwenye kijiti cha dizeli zao wameweka alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikifika hapo, inabidi imwagwe na kubadilishwa. Paka tone kwenye kidole, ulinuse na ulisugue. Likiwa jepesi na linanuka dizeli, umepata habari mbili kwa mpigo: chujio limekuwa likijaribu kujichoma na kushindwa, na injini inalainishwa na oili isiyofaa. Injini kama hiyo usiipeleke barabara kuu kabla ya kumwaga oili. Beringi na turbo zinauawa hivyo, na gharama yake inazidi ya chujio.

Sasa mashine. Mashine ndogo za bei rahisi zinazosoma taa ya injini tu hazitoshi. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma takwimu za chujio kwa gari la aina yako. Kodi zitakazotokea, yaani namba za hitilafu, zisomwe kwa akili. P2463 inasema masizi yamezidi. P242F inasema jivu limezidi, na jivu nitalieleza baadaye. P2002 inasema chujio halichuji inavyotakiwa. Huenda limepasuka, limetobolewa, au kuna mpira uliochomoka. P2452 hadi P2455 zinahusu sensa ya presha na waya zake, wala hazithibitishi kwamba chujio limeziba. Halafu angalia kodi za majirani, kwa sababu mara nyingi ndizo zenye kisa kizima: P0401 ya EGR (vali inayoirudishia injini sehemu ya moshi wake), P0299 ya turbo isiyosukuma upepo wa kutosha, P0128 ya thamostati.

Hiyo P0128 watu huipuuza kwa sababu gari halichemshi. Thamostati iliyokwama wazi hufanya injini iende baridi siku zote, na kompyuta haitaanza kuchoma masizi mpaka maji yafikie joto lililopangwa. Kipuri kidogo cha bei nafuu kinaweza kuziba chujio la bei kubwa, na hakuna usafishaji utakaosaidia mpaka kibadilishwe. Tazama joto la maji kwenye mashine wakati gari linatembea: likikaa chini ya nyuzi 80 kwenye injini iliyokwenda nusu saa, anzia hapo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha presha, na kila mwenye gari anaweza kusimama pembeni akakishuhudia. Sensa ya presha ni kidude cha plastiki, kimefungwa juu, mbali kidogo na moto. Kwa kawaida ina mipira miwili inayoshuka hadi kwenye vibomba vya chuma vilivyochomelewa kwenye ekzosi, kimoja kabla ya chujio na kingine baada yake. Inalinganisha presha ya pande hizo mbili. Chujio likijaa, moshi unakwama mbele na tofauti inaongezeka. Kompyuta hukisia masizi kwa kiasi kikubwa kutokana na tofauti hiyo, kwa hiyo sensa ikidanganya, maamuzi yote yanayofuata ni ya uongo.

Mwambie fundi awashe swichi bila kuwasha injini, asome tofauti ya presha. Injini haijawaka, hakuna moshi unaopita, lazima isome sifuri au karibu sana na sifuri. Ikisoma namba nyingine yoyote ya maana, sensa ni mbovu au haijasawazishwa, na bado hamjafika kwenye chujio. Kisha afuate mipira kwa mkono, kuanzia juu hadi chini. Angalia hasa kile kipande cha mwisho kinapovaa kibomba cha chuma, kwa sababu joto hukikausha pale mpaka mpira unapasuka kwa upande wa chini usioonekana. Pete nyeusi ya masizi kuzunguka ncha yake inakuambia moshi umekuwa ukivujia hapo. Achomoe mipira kwenye sensa kabla ya kupuliza upepo wa kompresa, maana upepo huo ukiingia kwenye sensa unaiua. Upepo ukigoma kupita, vibomba vimeziba kwa masizi na vinatakiwa kuzibuliwa. Ahakikishe pia kwamba wakati wa kurudisha hakubadilishi mipira upande.

Baada ya hapo ndipo namba za presha zinaaminika. Kila mtengenezaji ana kiwango chake, lakini kwa magari mengi madogo chujio zima, injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa mafuta, huonyesha milibari chache tu, pungufu ya 10 au 15. Ukipandisha hadi mizunguko 2,500 au 3,000 gari likiwa limesimama, namba inapanda kwa utulivu na kushuka ukiachia. Ikivuka 100 hapo, limeziba kweli. Ikibaki karibu na sifuri hata ukikanyaga, ama mpira umekatika, ama ndani ya kopo hakuna kitu. Magari ya kundi la Volkswagen hutoa takwimu mbili za masizi, ya kukadiriwa kwa mwendo wa gari na ya kupimwa kwa presha. Zikipishana sana, rudi kwenye sensa.

Tuseme presha ni ya kweli na chujio limejaa. Swali linalobaki: masizi mengi hivi yametoka wapi? Injini ya dizeli ikikosa hewa au ikipewa mafuta mengi, inatoa masizi. Kagua mipira mikubwa ya upepo kati ya turbo na injini. Ufa mdogo unaotema upepo unatosha. Kagua EGR, ambayo ikikwama wazi huirudishia injini moshi wake bila kipimo. Zipimwe nozeli moja moja, kwa takwimu za marekebisho kwenye mashine na kwa kiasi cha mafuta zinachorudisha. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hujaza chujio na kuosha silinda kwa wakati mmoja. Turbo inayovujisha oili nayo hupeleka oili moja kwa moja kwenye chujio. Sensa za joto za ekzosi zilinganishwe gari likiwa limelala usiku kucha: asubuhi zote zinapaswa kusoma joto linalokaribiana na la hewa. Inayosoma nyuzi 200 kwenye gari baridi ndiyo inayozuia uchomaji.

Na mafuta? Wapo wanaosema dizeli yetu haifai kabisa kwa magari haya, kwa hiyo chujio halina budi kukatwa. Sikubaliani nao. Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani na Ulaya wako kwenye 10, kweli, lakini 50 inaruhusu chujio kufanya kazi. Kinachodhuru ni mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo hulainisha kidogo na kumaliza pampu na nozeli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na Kenya ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Nunua kwenye kituo chenye mauzo makubwa, na utunze risiti.

Jivu ni suala jingine. Linatokana zaidi na viambato vya oili ya injini, kama kalsiamu na zinki, na tofauti na masizi haliungui. Safari ndefu hailiondoi. Fundi akilazimisha kuchoma haliondoki. Huongezeka kidogo kidogo kwa miaka, na oili isiyo sahihi huliharakisha. Gari lenye chujio linataka oili yenye jivu dogo: kwenye kopo tafuta ACEA C2 au C3, au DL-1 kwa magari mengi ya Kijapani, kadiri kitabu cha gari kinavyoelekeza. Duka la vipuri likikupa oili yoyote kwa maelezo kwamba dizeli ni dizeli, ondoka.

Chujio lililojaa masizi, na chanzo kikiwa kimerekebishwa, linaweza kuchomwa kwa mashine gari likiwa limesimama. Ekzosi itapata joto la kuwasha majani makavu, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje, kwenye mchanga au zege, mbali na nyasi, karatasi, mitungi na watoto. Isifanywe kama oili imevuka alama, wala kama mashine inaonyesha masizi kupita kiwango cha mtengenezaji, maana yakishika moto kwa mkupuo kauri hupasuka au kuyeyuka. Baadaye oili ibadilishwe. Lililojaa jivu lazima lifunguliwe na kusafishwa kwa mashine maalumu ya maji au hewa. Kulimwagia asidi ya betri au kulipiga kwa presha ya kuoshea magari huharibu madini yaliyopakwa ndani. Dai presha ya kabla na ya baada kwa maandishi. Baada ya kusafisha au kubadilisha, hesabu ya jivu kwenye kompyuta inarekebishwa. Fundi akiirudisha sifuri bila kusafisha, amezima taa tu na kukuachia hatari.

Kukata nako nikuseme wazi. Anayekata hutoboa kopo, huondoa kauri na kubadilisha programu ya injini ili taa isiwake. Kauri hiyo ina platinamu na ina wanunuzi wake, kwa hiyo usishangae ushauri wa kukata ukitolewa haraka. Nguvu itarudi, ndiyo, na nozeli mbovu itaendelea kuwa mbovu bila wewe kuambiwa. Moshi nao utakwenda kwenye vifua vya watu: abiria kituoni, muuza mihogo kando ya barabara, mtoto wako kwenye kiti cha nyuma. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na chujio likikutwa halina hufeli ukaguzi wa kila mwaka. Chujio zima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizo.

Kama ndiyo kwanza unanunua, yapime haya kabla ya kutoa fedha. Pitisha karatasi nyeupe ndani ya mdomo wa ekzosi: gari lenye chujio zima huacha doa dogo sana, na lililotobolewa huipaka karatasi masizi mazito. Lala chini uangalie kopo; mshono wa kuchomelea usio wa kiwandani unaonekana kwa macho. Nusa oili. Kisha soma kwa mashine gari lilichoma masizi kilomita ngapi zilizopita na huchoma kila baada ya kilomita ngapi. Linalochoma kila baada ya kilomita chache lina ugonjwa ambao muuzaji anaufahamu. Akikukatalia kulipima, acha gari hilo, tafuta jingine.